Je, mwombaji asiye na msimbo hadharani aondolewe kwenye mchujo?

Swali: Ninaongoza kikosi kidogo cha wasanidi programu na tuna nafasi mbili za kujaza. Maombi yaliyokuja ni mengi kuliko tunavyoweza kuyasoma. Mkurugenzi wangu anapendekeza mchujo wa kwanza ufanyike kwa kuangalia GitHub, tovuti ambako wasanidi huweka msimbo (maandishi ya programu) wanaouandika: asiye na akaunti, au ambaye akaunti yake imelala, aondolewe, mwenye miraba mingi ya kijani na nyota nyingi asogezwe mbele. Anasema wasifu wa kazi unaweza kudanganya lakini msimbo haudanganyi. Mimi nasita, ila sina hoja ya kumjibu. Je, yuko sahihi? Na kama hayuko sahihi, akaunti hizo tuzitumieje?

Jibu: Ndugu msomaji, mkurugenzi wako ana nusu ya hoja, na nusu hiyo usiikatae. Ukisoma msimbo ambao mtu aliuandika kwa matumizi halisi, utajifunza mengi kumhusu kuliko mstari wa wasifu unaosema "uzoefu wa miaka mitano". Tatizo ni kwamba utaratibu anaoupendekeza hausomi msimbo hata kidogo. Unahesabu miraba na nyota, basi. Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: mtu asiye na msimbo hadharani asipunguziwe alama hata moja, na aliye nao asiongezewe. Msimbo huo uwape ninyi maswali ya kumuuliza. Nitaeleza sababu, kisha nitarudi kwenye mchujo wenyewe, maana najua maombi bado yamejaa mezani pako.

Tuanze na miraba. GitHub iliiweka kwenye kurasa za watumiaji mwaka 2013: mraba mmoja kwa kila siku, rangi ikikolea kadiri shughuli zinavyoongezeka. Kinachohesabiwa zaidi ni komiti, yaani kila fungu la mabadiliko ambalo msanidi amelihifadhi kwenye historia ya mradi. Lakini si kila komiti inahesabiwa. Kwa kawaida inapaswa iwe imefika kwenye tawi kuu la mradi, yaani toleo lake rasmi la msimbo, na anwani ya barua pepe iliyoandikwa ndani yake iwe imeunganishwa na akaunti ya mhusika. Mtu aliyebadilisha kompyuta akasahau kuweka anwani yake sawa anaweza kufanya kazi miezi mitatu na ukurasa wake ukabaki mweupe. Kazi iliyo kwenye hazina (mahali msimbo wa mradi unapotunzwa) za faragha haionekani kwa mgeni mpaka mwenyewe achague kuionyesha, na hata akichagua hivyo utaona idadi tu, msimbo hutauona. Halafu kuna vikosi vinavyokunja komiti zote za ombi moja la kuunganisha (ombi la kutaka mabadiliko yaingizwe kwenye mradi) zikawa komiti moja kabla ya kuingia tawi kuu. Ni desturi nzuri kwa sababu historia ya mradi inasomeka. Matokeo yake, hata hivyo, ni kwamba aliyekesha wiki mbili akisaka kwa nini data inapotea anaambulia mraba mmoja hafifu, na anayesahihisha nukta na mkato kwenye faili ya maelezo kila asubuhi anavuna mwaka mzima wa kijani.

Zamani ukurasa huo ulionyesha pia idadi ya siku mfululizo ambazo mtu hajakosa kuchangia. GitHub waliiondoa hesabu hiyo mwaka 2016. Binafsi sikuisikitikia; ilikuwa ikimfanya mtu afungue kompyuta siku ya mapumziko ili tu mfululizo usikatike.

Kuhusu hoja kwamba msimbo haudanganyi: msimbo huenda usidanganye, lakini tarehe zake zinaweza, na jina lililo juu yake pia. Git, programu ya kutunza historia ya msimbo ambayo GitHub imejengwa juu yake, na ambayo Linus Torvalds aliianzisha mwaka 2005 kwa ajili ya kiini cha mfumo endeshi wa Linux, huandika jina, anwani na tarehe kama ilivyoambiwa na kompyuta ya mwandishi. Haihakiki. Ukijaza thamani ya GIT_AUTHOR_DATE, komiti inapata tarehe yoyote ya nyuma unayoitaka, na miraba ya GitHub inajipanga kuifuata tarehe hiyo. Zipo programu ndogo za kuchora maneno na picha kwa kutumia miraba hiyo. Wengi wanaozitumia wanafanya mzaha tu, lakini njia hiyohiyo inajaza miaka mitatu ya bidii kwa dakika chache. Jina ni vivyo hivyo: mtu anaweza kuandika komiti kwa jina na anwani yako, na picha yako ikatokea pembeni yake. Kinga ipo, nayo ni sahihi ya kidijitali kwenye komiti, ila wasanidi wengi waaminifu hawaitumii. Kwa hiyo hata kukosekana kwa sahihi hakukuambii lolote.

Nyota ni jambo fupi zaidi. Mtu hubofya nyota ili asisahau mradi, au kwa sababu mwenye mradi ni rafiki yake, au kwa sababu mradi umetajwa mahali siku hiyo. Na zinauzwa. Kuna wafanyabiashara wanaokuuzia mamia ya nyota kutoka akaunti za bandia, na GitHub hufuta akaunti hizo wanapozigundua. Beji nazo zisikutie kiwewe. Mwaka 2020 GitHub walihifadhi nakala ya miradi ya hadharani katika ghala lililo chini ya ardhi huko Svalbard, Norwei, kisha wakawapa beji wote waliochangia miradi hiyo. Aliyesahihisha neno moja katika mradi mmojawapo alipata beji sawa na aliyeuandika mradi wote. Mwezi Oktoba mwaka huohuo, kampeni ya Hacktoberfest, iliyokuwa ikitoa fulana kwa wanaotuma maombi machache ya kuunganisha msimbo, ilifurika maombi ya upuuzi. Watu waliongeza neno moja lisilo na maana kwenye faili ya maelezo wakaliita mchango, na waandaaji wakalazimika kubadilisha kanuni mwezi ukiwa ndio umeanza ili ihesabu miradi iliyojiandikisha tu. Wasimamizi wa miradi walilaani sana. Ila kwenye miraba, maombi yale yalionekana kijani kama mengine yote.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mkurugenzi wako anaamini nusu ya kwanza, kwamba msanidi mzuri lazima ataonekana. Wapo wazuri wengi wasioonekana, na sababu zao hazina siri. Mikataba mingi ya ajira inasema msimbo ulioandikwa kazini ni mali ya mwajiri. Aliyefanya kazi miaka kumi kwenye mifumo ya benki au ya hospitali hana hata mstari mmoja anaoruhusiwa kukuonyesha. Mikataba mingine inadai hata kile alichoandika usiku nyumbani. Mwingine anatoka kazini akiwa na watoto wa kulisha au mgonjwa wa kuuguza, na kuandika programu za hiari usiku ni anasa ambayo hana. Uchunguzi ambao GitHub walifanya mwaka 2017 miongoni mwa watu wanaoshiriki katika miradi ya wazi ulikuta 95% ya waliojibu ni wanaume na 3% tu ni wanawake. Ukiufanya ushiriki huo kuwa mlango wa ajira, umeukubali uwiano huo kabla hujasoma ombi la kwanza.

Hata kati ya wanaoandika hadharani, si wote walio mahali mnapotazama. Mabadiliko ya kiini cha Linux hutumwa kwa barua pepe, hujadiliwa kwa barua pepe, na hupita kwa wasimamizi wa sehemu mbalimbali hadi kumfikia Torvalds. Kilicho GitHub ni nakala tu. SQLite, hifadhidata iliyomo karibu katika kila simu, husimamiwa na mwanzilishi wake Richard Hipp na wenzake kwa kutumia Fossil, mfumo wa kutunza historia ya msimbo ambao Hipp mwenyewe aliuandika, na hawapokei michango ya watu wa nje kwa utaratibu uliozoeleka. Kuna walio kwenye tovuti nyingine za aina ya GitHub, kama GitLab na Codeberg. Mchujo wa mkurugenzi wako ungewaona hawa wote kama watu waliolala.

Mfano ninaoona una uzito kuliko yote ni wa xz, na ningekuomba umsimulie mkurugenzi wako kwa utulivu. Xz ni programu ya kubana data inayotumika karibu katika mifumo yote ya Linux. Kwa miaka mingi ilisimamiwa na mtu mmoja aliyekuwa amechoka. Akajitokeza mchangiaji aliyejiita Jia Tan. Kwa zaidi ya miaka miwili alituma marekebisho ya kweli na yenye manufaa, akajibu watu kwa adabu, akakubaliwa kuwa msimamizi mwenza. Mapema mwaka 2024 matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 yakatoka yakiwa na mlango wa siri, ambao ungemruhusu mwenye ufunguo kuingia katika kompyuta za watu wengine kwa mbali. Hadi leo haijathibitishwa hadharani nani alikuwa nyuma ya jina lile. Ipime akaunti hiyo kwa vigezo vya mkurugenzi: ina shughuli za muda mrefu, ina mradi maarufu, ina imani ya wenzake. Ingepita mchujo mbele ya karibu kila mwombaji uliye naye. Aliyeibua jambo hilo, mwezi Machi 2024, ni Andres Freund, msanidi wa hifadhidata ya PostgreSQL aliyekuwa mwajiriwa wa Microsoft. Alikuwa akipima utendaji wa kitu kingine kabisa, akaona kuingia kwa SSH, njia ya kuingia kwenye kompyuta kwa mbali, kunachelewa takriban nusu sekunde, akakataa kulipuuza. Tabia hiyo ya kukataa kupuuza nusu sekunde ndiyo ungependa kuiajiri, na hakuna mraba unaoionyesha.

Je, basi akaunti hizi hazifai kitu? Zinafaa sana, ila lazima zisomwe. Mwombaji akikupa kiungo kwa hiari yake, tenga nusu saa, na usizunguke kila mahali. Chagua mradi mmoja ambao watu wengine pia wamo, kwa sababu mtu akiandika peke yake huoni jinsi anavyokaa na wenzake. Fungua maombi ya kuunganisha yaliyokwisha kufungwa, usome mazungumzo. Alipoambiwa "hapa umekosea", alijibuje? Alibadilisha kimyakimya, alieleza kwa nini haafiki, au alikasirika? Alipopitia msimbo wa mwingine, aliona kosa la mantiki au alishikilia nafasi na mabano? Mimi husoma mazungumzo haya kabla ya msimbo wenyewe, na mara nyingi nikishayamaliza sihitaji kusoma mengi zaidi.

Kisha pitia ujumbe wa komiti. "Marekebisho", "marekebisho tena", "sasa kweli" si dhambi katika mradi wa mtu binafsi. Kila mtu huandika hivyo usiku wa manane. Lakini ukikuta komiti inayoeleza kwa nini njia ya kwanza iliachwa, umepata kitu cha kuzungumza. Angalia marekebisho ya hitilafu: je, yalikuja na jaribio ambalo lingeshindwa kabla ya marekebisho na kupita baada yake? Angalia pia alichofuta. Mtu anayethubutu kuondoa mistari mia mbili na kuacha programu ikifanya kazi ileile ana uelewa ambao anayeongeza tu huenda hana.

Mara nyingine utakuta nywila au ufunguo wa huduma fulani umesahaulika ndani ya historia. Usimkate hapo hapo. Kwanza mjulishe, maana kuna mtu mwingine anaweza kuuona. Pili, una swali zuri kuliko yote ya kwenye vitabu: "Ukigundua umeweka ufunguo hadharani, utafanya nini?" Atakayejibu kwamba ataufuta kwenye komiti inayofuata hajaelewa Git, kwani historia inaukumbuka. Atakayesema ataubatilisha ufunguo kwanza, kisha aangalie kama umetumika, ndipo ahangaike na historia, huyo anajua kazi.

Kuna mambo ya kuyapita haraka. Nakala za miradi ya wengine zinazojaza ukurasa wake hazimaanishi kitu mpaka uone kama ndani yake kuna badiliko lake. Programu za orodha ya kazi na za hali ya hewa zinakuambia alifuata somo fulani, na kufuata somo si aibu. Miradi iliyoachwa njiani ni ya kawaida. Na usimhukumu mtu wa leo kwa msimbo wa miaka minane iliyopita. Tazama tarehe, ukikumbuka niliyosema kuhusu tarehe.

Akili mnemba imelibadilisha jambo hili zaidi ya watu wanavyokiri. Tangu GitHub Copilot, msaidizi wa akili mnemba wa kuandika msimbo, ilipofunguliwa kwa wote mwaka 2022 na zana nyingine zikafuata, faili ya maelezo iliyonyooka, majina mazuri ya vigezo na majaribio yaliyojaa si ushahidi tena wa saa zilizotumika. Nakushauri usipoteze muda kubahatisha kama mashine ndiyo iliyoandika. Muulize mwenyewe kwa nini alichagua foleni badala ya kuita huduma moja kwa moja, nini kingevunjika kama watumiaji wangeongezeka mara kumi, na sehemu gani haiamini. Aliyeielewa kazi yake ataongea, hata kama mashine ilimsaidia. Ambaye hakuielewa utamjua kabla ya swali la tatu.

Jambo moja la haki. Ukurasa wa GitHub una picha, jina, wakati mwingine hata msimamo wa kisiasa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 kuhusu maombi ya kuunganisha katika GitHub ulikuta kwamba kwa jumla maombi ya wanawake yalikubaliwa zaidi, karibu 79% dhidi ya karibu 75% ya wanaume. Lakini kwa wachangiaji wasiojulikana na mradi, kiwango cha wanawake kilishuka pale ambapo ukurasa ulionyesha kwamba ni mwanamke. Kwa hiyo anayesoma akaunti asiwe ndiye anayetoa alama. Asome, aandike maswali matatu yanayotokana na msimbo, ayakabidhi kwa jopo. Wala msiende kuchimbua akaunti ambayo mwombaji hakuwatajia.

Sasa alama zitoke wapi? Zitoke kwenye kazi moja iliyo sawa kwa wote. Andaeni hazina ndogo inayofanana na mnayoyafanya kila siku, yenye hitilafu moja ya kweli, na ombi moja la kuunganisha lenye makosa ya kupitiwa. Saa moja na nusu inatosha. Mkitaka zaidi ya hapo, mlipeni mtu muda wake. Kisha mahojiano yenye maswali yaleyale kwa kila mmoja, na vigezo vya majibu vilivyoandikwa kabla. Hili si pendekezo langu tu. Mapitio maarufu ya tafiti za njia za kuchagua wafanyakazi ya Schmidt na Hunter, mwaka 1998, yaliipa sampuli ya kazi, yaani jaribio la kufanya kipande cha kazi yenyewe, uwiano wa 0.54 na utendaji wa baadaye kazini, ambapo 1 ingekuwa utabiri kamili. Sackett na wenzake walirudia hesabu mwaka 2022 wakaishusha hadi 0.33, na usaili wa maswali yaliyopangwa ukaongoza kwa 0.42. Namba zimeshuka, na ni vizuri kuzijua zilivyo, lakini njia hizi mbili bado ziko juu, na miaka ya uzoefu iko chini sana katika mapitio yote mawili.

Asiye na msimbo wa hadharani, katika nafasi ambayo mwenzake angeulizwa kuhusu mradi wake, aombwe achore mfumo mmoja alioujenga bila kutaja siri za mwajiri: data inaingia wapi, inahifadhiwa wapi, nini kiliwahi kuharibika na walikijuaje. Mazungumzo hayo yana kina kilekile.

Kwa mchujo wa kwanza, kwa kuwa hamuwezi kusoma maombi yote kwa undani, wekeni maswali matatu mafupi kwenye fomu, yanayohusu kazi yenyewe, kila moja lijibiwe kwa mistari mitano. Watu wawili wasome bila kuona majina, kila mmoja peke yake, kisha walinganishe. Ni haraka kuliko inavyosikika, kwa sababu majibu dhaifu yanaonekana mapema.

Kabla hujapeleka haya kwa mkurugenzi, waombe wenzako kikosini ruhusa ya kupitisha akaunti zao kwenye kigezo chake, majina yakiwa yamefichwa. Mpe matokeo pamoja na tathmini zao za kazi, naye alinganishe mwenyewe. Akikubali kulegeza, tangazo lenu linaweza kuandikwa hivi: "Kiungo cha msimbo wa hadharani si lazima, na kukosekana kwake hakutapunguza nafasi yako. Ukiwa nao, tuelekeze sehemu moja unayotaka tuisome na utueleze mchango wako ulikuwa upi. Tutakuuliza kuhusu sehemu hiyo tu."